Ubia wa halmashauri na sekta binafsi Tanga: mwongozo kamili, kuanzia mwaloni mpaka kwenye mkataba

Kuna ubia mmoja ambao karibu kila mfanyabiashara wa sokoni anaujua, hata kama hajawahi kuuita ubia. Halmashauri ilikuwa na ardhi bila fedha, wafanyabiashara walikuwa na fedha bila ardhi. Wakakubaliana wafanyabiashara wajenge vibanda, walipe kodi ndogo mpaka gharama zao zirudi, kisha vibanda viwe vya halmashauri. Miaka ikapita. Aliyejenga hauzi tena sokoni. Amempangisha mtu, na huyo naye kampangisha mwingine. Anayeuza nyanya leo analipa mara kadhaa ya kile kinachofika kwenye akaunti ya halmashauri. Siku halmashauri inapodai vibanda vyake, mkataba hauonekani, au unaonekana lakini hauna tarehe ya mwisho. Vikao havikauki, kesi haziishi, na soko linazidi kuchakaa.

Vibanda hivyo vina somo zima la ubia ndani yake. Wazo lilikuwa zuri, na mtaji wa watu binafsi ulijenga kitu ambacho halmashauri isingeweza kukijenga kwa miaka ile. Kilichokosekana ni uandishi: nani anabeba hatari gani, kwa muda gani, anapimwa kwa kipi, na anayeuza nyanya analindwa vipi. Mwongozo huu unafuata njia nzima ya kuziba mapengo hayo. Nimeuandika nikiwafikiria watumishi wa halmashauri, madiwani, viongozi wa mitaa na wafanyabiashara wa Tanga, mji ambao sasa hivi unahitaji sana ujuzi huu.

Nasema sasa hivi kwa sababu zinazoonekana kwa macho. Bandari ya Tanga imeongezewa kina na gati kwa mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 429, na meli kubwa ambazo zamani zilitia nanga mbali na kushusha mizigo kwa matishari sasa zinafika gatini. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Fedha zinapoelekea mji, bei ya ardhi inatangulia mbele yake, na watu wenye maandiko ya miradi mkononi wanaanza kupanga foleni kwenye ofisi za umma. Halmashauri iliyojiandaa itachagua. Isiyojiandaa itachaguliwa.

Kwanza: anza na tatizo, mwekezaji aje baadaye

Kosa la mwanzo linaanza mtu anapofika na michoro ya rangi na kuuliza, "Mna eneo wapi?" Kuanzia hapo mnatafutia mradi wake mahali pa kukaa. Geuza mpangilio huo. Keti na mpango mkakati wa halmashauri, na vipaumbele vilivyoibuliwa na wananchi wenyewe mitaani kwa kutaja fursa na vikwazo vyao, kisha andika sentensi moja isiyotaja jengo lolote. Kwa mfano: "Samaki wanaoshushwa alfajiri hupoteza thamani kabla ya saa nne asubuhi kwa kukosa barafu na maji safi." Sentensi hiyo inapimika. "Tunahitaji soko la kisasa" haipimiki.

Ukishaipata, jiulize kama kweli ubia ndiyo dawa yake. Ubia unafaa pale ambapo kuna huduma inayoweza kulipiwa kwa miaka mingi, na mtu binafsi ana ujuzi wa uendeshaji ambao ofisi ya umma haina. Kwa daraja la mtaani, zahanati au mtaro wa maji ya mvua, chukua njia ya bajeti ya kawaida.

Tena siyo lazima mtaji binafsi uje na ubia. Tanga yenyewe imeonyesha hilo: mwaka 2024 mamlaka ya maji, Tanga UWASA, ilitoa hati fungani ya kijani, yaani mkopo wa mradi wa mazingira unaouzwa kwa umma, ya shilingi bilioni 53.12 ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na wawekezaji wakainunua yote na ziada. Mitambo ya maji imebaki mikononi mwa mamlaka ileile, na wenye fedha wanasubiri riba yao. Kwa mradi ambao taasisi ya umma tayari inauendesha vizuri na kinachokosekana ni fedha tu, njia hiyo ni safi kuliko kukabidhi uendeshaji kwa mtu wa nje. Hati fungani inahitaji mapato ya uhakika na hesabu zilizokaguliwa miaka kadhaa mfululizo, ndiyo maana mamlaka ya maji iliiweza. Soko la samaki lisilo na vitabu haliwezi.

Pili: isafishe mali kabla ya kuitangaza

Mali bila daftari huisha bila habari. Kabla hujaliita eneo lolote "fursa ya uwekezaji", fungua jalada lake na utafute majibu: hati miliki iko kwa jina la nani? Mipaka imepimwa na mawe yapo? Kuna kesi mahakamani? Kuna mpangaji mwenye mkataba hai? Kuna deni la maji, umeme au fidia ambayo haijalipwa? Mwekezaji makini atayauliza yote haya kupitia wanasheria wake. Asiyeyauliza ndiye wa kumwogopa, kwa sababu pengine anataka ardhi tu na ule mradi ni kisingizio.

Kwa Tanga kuna mambo matatu ya kuangalia kwa jicho la pekee.

La kwanza ni majengo ya kale. Mji una majengo mengi ya wakati wa Wajerumani na Waingereza, na baadhi yake yanaanguka tukiyatazama. Watu wengi wanadhani yote yanalindwa na sheria moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayatambua yenyewe majengo na mabaki ya kabla ya mwaka 1863, kwa hiyo magofu ya Tongoni yamo. Jengo la Kijerumani la miaka ya 1890 halimo mpaka litangazwe rasmi. Maana yake ni kwamba halmashauri ikilitoa jengo la namna hiyo kwa ubia bila kulitangaza, au bila kuandika kwenye mkataba kwamba kuta, roshani na milango vinabaki, mbia anaweza kulibomoa usiku mmoja na asiwe amevunja sheria hiyo. Andika kwanza, kwa picha na vipimo, kila sehemu isiyoguswa. Kwa majengo haya aina ya mkataba inayofaa ni karabati, endesha, rejesha: mbia anakarabati kwa viwango vilivyokubaliwa, anafanya biashara ndani yake kwa muda maalumu, kisha anarudisha.

La pili ni ufukwe. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, isipokuwa kwa taratibu maalumu. Mwalo (pale vyombo vinaposhushia samaki) na soko la samaki haviwezi kuhamia milimani, kwa hiyo zungumza mapema na NEMC, baraza la taifa la mazingira, kabla mchoro haujachorwa. Pia bahari ya kusini mwa jiji ina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (samaki adimu wa kale), iliyotangazwa mwaka 2009. Angalia ramani yake kabla ya kumuahidi mtu gati.

La tatu ni watu waliopo, nao wanastahili hatua yao wenyewe.

Tatu: wahesabu waliopo, kwa majina na kwa shughuli

Hapa ndipo miradi mingi ya kufufua miji inapodhulumu watu bila hata kukusudia. Mpango unasema "wafanyabiashara 200 watahamishwa kwa muda". Soko jipya linafunguliwa, kuna meza 200, na zimejaa watu wapya. Wale wa mwanzo wako barabarani.

Sajili wote kabla tangazo halijatoka, kwa sababu siku tangazo likitoka watafika na wengine. Weka tarehe ya mwisho ya usajili, chukua picha ya kila mtu akiwa kwenye eneo lake la kazi, na daftari lisainiwe na serikali ya mtaa pamoja na kikundi cha ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi kama eneo ni mwalo. Tena usisajili wenye meza peke yao. Mwaloni kuna nahodha na mabaharia wake, dalali anayepiga mnada, wabebaji wa matenga, waparaji samaki, akina mama wanaokaanga, mama lishe, mwenye baiskeli anayepeleka samaki Ngamiani na Pongwe, muuza kuni, muuza barafu za mifuko. Wengi wao hawana meza, na mchoro wa mhandisi hauwaoni.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Afisa akifika na fomu na kumuuliza mama anayekaanga, "Mapato yako kwa mwezi ni kiasi gani?", atapewa jibu la kumwondoa pale, na ana haki, maana swali hilo linanusa ushuru. Mwamkie kwanza: "Shikamoo, bi mkubwa." Ukishaitikiwa, mwombe akusimulie jana yake. Alinunua matenga mangapi, kwa dalali yupi, alilipa shilingi ngapi za barafu, mafuta ya kukaangia lita ngapi, kuni kiasi gani, zilizobaki alizifanya nini. Ukisikiliza watu thelathini hivi, utajua mahitaji ya barafu ya mwalo ule kuliko mshauri aliyekaa hotelini. Utajua pia kitu ambacho hakuna fomu itakayokuambia: kwamba wakaangaji wanataka kukaa upande ambao moshi hauwarudii na wateja wa daladala wanawaona. Mchoro ukiwapeleka nyuma ya jengo, watatoka na masufuria yao na kurudi barabarani ndani ya wiki moja.

Nne: hesabu

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu mkataba ni hesabu iliyovalishwa maneno. Tuchukue mradi wa kubuni. Namba zote ni za mfano tu, ili uone jinsi zinavyogusana: soko dogo la samaki lenye meza 200, mtambo wa barafu wa tani 5 kwa siku, chumba cha ubaridi, vyoo na maegesho. Gharama ni shilingi bilioni 1.2.

Mapato ya mwaka kwa siku 300 za kazi:
- Meza 200 kwa shilingi 1,500 kwa siku: milioni 90.
- Barafu kilo 5,000 kwa shilingi 200: milioni 300.
- Chumba cha ubaridi: milioni 60.
- Vyoo na maegesho: milioni 54.

Jumla ni milioni 504. Toa uendeshaji, ambao sehemu yake kubwa ni umeme, tuseme milioni 310. Zinabaki milioni 194.

Sasa mbia anakopa asilimia 70 ya gharama, yaani milioni 840, kwa riba ya asilimia 15 na muda wa miaka 7. Rejesho ni kama milioni 202 kwa mwaka. Mradi umekufa kabla ya kuzaliwa, unapungukiwa milioni 8 kila mwaka. Akipata mkopo wa miaka 10, rejesho linashuka hadi milioni 167 na zinabaki milioni 27. Lakini ameweka milioni 360 zake mwenyewe. Milioni 27 ni asilimia 7.5 tu. Mtu huyo angenunua hati fungani kama ile ya Tanga UWASA akapata asilimia 13.5 bila kusikia harufu ya samaki. Hatakuja. Au atakuja mwingine ambaye hesabu yake imefichwa mahali.

Halmashauri ifanye nini? Ilete kinachoupunguzia mradi gharama na ambacho ni kazi yake hata hivyo: barabara ya kuingilia, laini ya umeme na transfoma, mtaro, uzio. Tuseme vitu hivyo vina thamani ya milioni 200. Sasa mbia anahitaji bilioni 1: mkopo milioni 700 na zake milioni 300. Rejesho la miaka 10 ni kama milioni 140. Kwake zinabaki milioni 54 kabla ya kodi, ambazo ni asilimia 18. Hapo mtu makini ataketi mezani.

Baada ya hapo njoo kwenye swali ambalo vikao vya madiwani hupenda kuanza nalo: "Halmashauri inapata asilimia ngapi?" Ukidai asilimia 30 ya mapato ghafi, hiyo ni milioni 151. Umeua mradi. Ukidai asilimia 3 ni milioni 15, na faida ya mbia inashuka hadi kama asilimia 13. Ushauri wangu ni kuanza na pango dogo lisilobadilika, halafu mgao unaopanda pale tu mauzo yanapovuka kiwango kilichoandikwa. Mwaka mzuri wote wanakula. Mwaka mbaya mradi haufi. Tena ikumbukwe kwamba halmashauri inafaidika kwa njia nyingine: leseni, ushuru wa huduma, na samaki wasiooza.

Kisha rudi kwa yule mama. Tumeweka meza shilingi 1,500. Kama leo analipa 500, umempandishia mara tatu. Weka 1,000, na mradi unapoteza milioni 30 kati ya zile 54. Hapo ndipo uamuzi wa kweli ulipo, na ni wa kisiasa kwa maana nzuri ya neno hilo, kwa hiyo baraza liufanye kwa uwazi. Halmashauri inaweza kuachia pango lake kwa miaka mitatu ya kwanza. Barafu inaweza kuwa na bei mbili, ya mnunuzi wa lori na ya mchuuzi wa ndoo. Wakaangaji wenye vikundi wanaweza kuombewa ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, ili wanunue majiko na masanduku ya barafu. Mimi ningezifanya zote tatu. Kisichokubalika ni kuacha namba 1,500 ipite kimyakimya kwenye jedwali, halafu mgambo ndio waje kuilinda.

Mwisho, tikisa hesabu. Siku 300 ulizitoa wapi? Wakati wa kusi bahari inachafuka na vyombo vidogo havitoki. Wavuvi wa dagaa wanatoka gizani na kupumzika usiku wa mbalamwezi. Mahitaji ya barafu hayako sawa kila wiki, na mtambo unaokaa bure bado una deni. Ukipunguza mauzo ya barafu kwa asilimia 30 kwa miezi minne, mapato yanashuka milioni 30. Okoa milioni 10 za umeme usiotumika, bado umepoteza 20. Pandisha bei ya umeme. Chelewesha ujenzi miezi sita. Mradi unaoanguka kwa tikisiko moja usitangazwe mpaka ubadilishwe.

Tano: gawa hatari kwa anayeweza kuibeba

Chora jedwali la safu tatu: hatari, nani anaibeba, nini kitatokea ikitimia. Kanuni yake ni nyepesi kuielewa na ngumu kuisimamia: kila hatari ikae kwa yule mwenye uwezo wa kuizuia. Gharama za ujenzi kuzidi ni za mbia, kwa sababu ndiye anayemchagua fundi. Kiwanja kuchelewa kukabidhiwa ni kwa halmashauri. Mtambo kuharibika ni kwa mbia. Halmashauri kuruhusu soko jingine la samaki umbali wa mita mia tano ni kwa halmashauri. Idadi ya wateja kupungua ni kwa mbia, na hapa usilegeze: ukimhakikishia mapato bila kujali wateja, umechukua mkopo bila kuuita mkopo, na watakaoulipa ni madiwani wa baraza lijalo.

Dhoruba, mafuriko na magonjwa ya mlipuko yaandikwe kama hatari za pamoja, kwa bima na kwa kuongezewa muda, siyo kwa fidia ya fedha taslimu.

Sita: mtafute mbia hadharani

Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi, Sura 103, ilipitishwa mwaka 2010 na imefanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja, yakiwemo ya 2018 na 2023. Kwa halmashauri, njia inapitia upembuzi wa awali, upembuzi yakinifu, timu ya menejimenti, kamati ya fedha, baraza la madiwani, sekretarieti ya mkoa, TAMISEMI, na uchambuzi wa Kituo cha Ubia, ofisi ya serikali inayoshughulikia miradi ya ubia. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu hupekua mkataba kabla ya kusainiwa. Safari ni ndefu, na watu hulalamika. Lakini kila kituo kinauliza swali ambalo mbia mjanja angependa lisiulizwe. Waandikie Kituo cha Ubia mapema, wakati wazo bado bichi, msije mkaandaa makaratasi ya mwaka mzima kwa mfumo usiokubalika.

Zabuni inatangazwa kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma. Usiridhike na kutangaza tu. Wajulishe wenye viwanda vya barafu, vyama vya ushirika na wafanyabiashara wa mikoa mingine. Vigezo vya kumpima mwombaji viandikwe kabla ya kufungua bahasha, na uzoefu wa uendeshaji uwe na uzito kuliko uzuri wa michoro. Nenda ukaone mradi anaodai anauendesha. Nenda alfajiri, bila yeye.

Sheria inaruhusu pia andiko lisiloombwa, pale mtu binafsi anapoleta wazo lake mwenyewe. Mawazo mazuri huja hivyo, usiyafukuze. Ila dai upembuzi wake ukaguliwe na mtu mwingine, na kutia saini "makubaliano ya awali" yoyote kusimpe haki ya kushikilia eneo bila kikomo. Miezi sita inatosha, na ikiisha bila andiko kamili, eneo linarudi. Tanga tuna msemo wa waja leo waondoka leo, na mwekezaji wa namna hiyo huondoka akiwa ameshika barua inayomzuia mwingine kuingia.

Usisaini mkataba katika miezi ya mwisho kabla ya baraza kuvunjwa kupisha uchaguzi. Hata ukiwa msafi kabisa, hautaaminika, na baraza jipya litauanza kwa kuuchunguza.

Saba: mambo ambayo mkataba lazima uyaseme

Muda upatikane kutokana na hesabu, usitokane na mazoea. Katika mfano wetu mkopo ni wa miaka 10. Mkataba wa miaka 15 unampa mbia nafasi ya kulipa na kufaidi. Anayeomba 40 akuonyeshe hesabu yake.

Vigezo vya utendaji viwe vitu ambavyo mtu asiye mhandisi anaweza kuvikagua akiwa amesimama pale. Saa 11 alfajiri barafu ipo au haipo? Vyoo vina maji? Sakafu ya mnada imeoshwa kabla ya saa tano? Taa zinawaka? Kila kimoja kiwe na makato yake yaliyoandikwa kwa shilingi, na makato yapande tatizo likijirudia.

Bei zipande kwa kanuni iliyokubaliwa, kwa mfano kufuata mfumuko wa bei mara moja kwa mwaka, pamoja na notisi ya miezi mitatu iliyobandikwa sokoni. Kupangisha mtu wa tatu bila kibali kuvunje haki ya meza hiyo, na daftari la usajili la hatua ya tatu liwe kiambatanisho cha mkataba, likiwapa waliokuwepo haki ya kwanza.

Kisha njia ya kutokea. Tuna funzo la hapa hapa nchini. Mwaka 2003 kampuni ya City Water ilianza kuendesha huduma ya maji Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka 10. Huduma haikufikia matarajio, na mwaka 2005 serikali ikausitisha. Baraza la usuluhishi la kimataifa lilipoamua mwaka 2008, lilikuta kwamba kampuni ilikuwa na zabuni iliyoandaliwa vibaya na uendeshaji mbovu. Hata hivyo likaitia Tanzania hatiani kwa namna ilivyomwondoa mwekezaji, ingawa halikuamuru fidia. Mbia anaweza kuwa na makosa yote na bado ukashindwa wewe, kwa kuruka hatua za kumtoa. Andika ngazi: notisi ya kasoro, siku za kurekebisha, mpatanishi, halmashauri kuingia na kuendesha kwa muda, kisha kuvunja. Siku ikifika, zipande zote, moja baada ya nyingine, hata kama kila mtu sokoni anapiga kelele mbia afukuzwe leo.

Mkopeshaji wa mbia naye atataka haki ya kuleta mwendeshaji mwingine kabla hamjavunja. Mpe, kwa muda maalumu. Benki yenye hofu ya kupoteza fedha ni msimamizi wa pili mliyempata bure.

Nane: baada ya kukata utepe

Teua mtumishi mmoja, kwa jina, ambaye kazi yake ni mkataba huu. Mpe nakala kamili, maana inashangaza mara ngapi msimamizi wa mkataba hajawahi kuusoma. Awe na orodha ya ukaguzi ya ukurasa mmoja, aende kwa saa tofauti, na taarifa yake ya robo mwaka ibandikwe kwenye ubao wa soko na wa serikali ya mtaa: mapato, makato, malalamiko yaliyopokelewa na yaliyotatuliwa. Wachuuzi wakiisoma watamsahihisha pale alipokosea. Jalada hilo hilo ndilo mtakalolihitaji wakaguzi wa CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) wakifika, na kama mtaitwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa.

Iundwe kamati ndogo ya watumiaji: mvuvi, dalali, mkaangaji, mchuuzi wa ndoo, mtu mwenye ulemavu, na mwakilishi wa mbia. Ikutane kila mwezi na iwe na mamlaka ya kuitisha ukaguzi. Kila miaka mitatu fungueni hesabu upya kwa pamoja. Kama barafu inauzwa mara mbili ya makadirio, mgao wa halmashauri upande au bei ya mchuuzi ishuke, kama kiwango kilivyoandikwa.

Na miaka mitatu kabla ya mkataba kwisha, mleteni mkaguzi wa mitambo. Mbia anayejua anaondoka hana sababu ya kununua kompresa mpya. Kitakachorudi kwenu ni vyuma vilivyokula chumvi. Kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza sehemu ndogo ya mapato iingie kwenye akaunti ya matengenezo yenye saini mbili, ya mbia na ya halmashauri, na hali ya kila kifaa siku ya makabidhiano iwe imeandikwa kwenye kiambatanisho: mtambo unatoa tani ngapi kwa siku, milango ya chumba cha ubaridi inafunga, paa halivuji. Mkaguzi akikuta pungufu, gharama inatoka kwenye akaunti hiyo kabla mbia hajachukua salio lake.